Baiskeli ya Mchoyo

Nyumba yangu ya Nyasubi, mjini Kahama, ina vyumba vinne, na cha nne nilikijenga kwa ajili ya mama. Nilikiweka upande wa mashariki kwa sababu mama huamka pamoja na jua, na hapendi kupapasa gizani akitafuta mlango. Kitanda chake ni kifupi. Nilimwambia seremala apunguze miguu, maana magoti ya mama hayataki tena kupanda. Nyaya zote za umeme zilizomo ukutani nilizipitisha kwa mikono yangu, na swichi ya taa iko pale pale mkono unapofika mtu akiwa amelala. Nimeingia nyumba nyingi za Kahama, za watu wenye fedha kuliko mimi, na sijaona iliyofikiriwa namna hiyo.

Kwa muda mrefu chumba hicho kilikuwa na kila kitu isipokuwa mama mwenyewe.

Sababu yake ni ndogo, na watu nikiwaambia hucheka. Mama hapandi gari. Gari humtapisha. Anaishi kijijini, ndani kidogo kutoka barabara ya lami iendayo Ushirombo, mahali ambapo gari likitoka Kahama asubuhi linafika kabla chai haijapoa kwenye chupa. Niliporudi kutoka Afrika Kusini nilikwenda kumchukua kwa gari langu mwenyewe. Nilifungua vioo, nikampa limau la kunusa, nikaendesha taratibu mpaka bodaboda zikawa zinanipita zikipiga honi. Hatukufika mbali. Kwenye senta ya kwanza mama alinigonga begani, akashuka, akatapika pembeni ya barabara mbele za watu. Kisha akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga na kukaa juu ya jiwe.

“Baba,” aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, “mimi narudi kwa miguu. Nyumba yako nitaisikia.”

Nitaisikia. Mtu amejenga nyumba yenye marumaru mpaka jikoni, halafu mama yake anasema ataisikia. Nilimsindikiza kwa miguu mpaka kwake, nikarudi kuchukua gari.

Niseme mimi ni nani, ili ieleweke kwa nini jambo hili liliniuma. Nilianza maisha kwenye machimbo ya Geita, nikiwa kijana asiye na cheti chochote, nikilisha mawe kwenye karasha, ile mashine ya kuyavunja kabla ya kuyasaga yatoe dhahabu. Wenzangu walitazama mawe. Mimi nilitazama mota inayoizungusha mashine. Mota ikiungua kazi yote inasimama, na tajiri wa duara, yaani mwenye shimo la dhahabu, anakaa kichwa mikononi akimsubiri fundi kutoka Mwanza. Nikajiambia, huyo fundi nitakuwa mimi. Nikasafiri, nikalala pabaya, nikafanya kazi mchana na kusoma jioni kwa lugha ambayo nilipofika sikuijua, mpaka nikapata diploma ya umeme wa viwandani. Leo mota za karasha na pampu zikiungua kuanzia Maganzo kwa wachimba almasi mpaka Nkome kwenye mashine za barafu za wavuvi, zinaletwa kwenye karakana yangu nizisuke upya. Sikubebwa na mtu. Ninalisema hilo wazi, na atakayekasirika akasirike.

Lakini miaka yote ile ya ugenini, mama alikuwa sauti ndani ya simu. Na mama kwenye simu si mama. Anapiga kelele kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, anasema yale ya lazima tu, mvua, mahindi, nani amefariki, halafu anakata ghafla. Mazungumzo ya kweli, yale anayoyaongea mikono yake ikiwa inakata viazi vitamu vya kuanika, vinavyokuwa michembe, hayapiti kwenye simu. Ndoa yangu ilikwisha huko huko ugenini, na niliporudi nilikuwa na njaa ya sauti ya mtu anayeongea bila haraka. Nilijenga kile chumba ili sauti hiyo iwe ndani ya nyumba.

Baiskeli iliingia kwa mlango mwingine. Daktari alinipima presha, akautazama mkanda wa suruali yangu, akaniuliza naendaje kazini. Nikamwambia kwa gari. Akaniuliza karakana iko umbali gani. Nilipomjibu alicheka, akaniambia gari lile nimwachie mtu mwenye safari.

Kwa hiyo nikaamua kununua baiskeli, na mimi nikiamua kununua kitu sinunui kama watu wanavyonunua. Nilisoma. Nilitazama video. Nilijifunza kwamba fremu ina saizi kama kiatu, kwamba kiti kinapangwa kwa urefu wa mguu na si kwa urefu wa mtu, kwamba tairi nyembamba sana hufa kwenye kokoto na tairi nene yenye meno hula nguvu zako kwenye lami. Nilitaka baiskeli moja ya kazi tatu: kunipeleka karakana kila siku, kuniondolea tumbo, na mwisho wa wiki kunifikisha kwa mama kijijini na begi dogo la nguo.

Muuzaji niliyekwenda kwake ni mzee mwenye asili ya Pangani, aliyekuja Kahama enzi za pamba na akazeekea hapa. Ana kofia safi na maneno safi. Baiskeli zake zimening'inia mpaka darini, mpya za Kichina na mtumba kutoka Ulaya.

“Karibu, Injinia. Wataka baiskeli ya kazi gani?”

Nikamtajia zote tatu.

“Hizo ni baiskeli tatu, mwanangu. Nikufungie zote?”

“Nataka moja.”

“Basi wewe wataka mke mmoja apike, alime, na acheze ngoma.” Akacheka peke yake, akaanza kunishushia.

Ya kwanza ilikuwa ile nyeusi inayojulikana na kila mtu katika nchi yetu, nzito, yenye mwamba wa chuma na keria nyuma pana kama benchi. Hiyo ndiyo iliyobeba pamba yetu, wagonjwa wetu na maharusi wetu. Mama mwenyewe aliingia kwenye nyumba ya marehemu baba akiwa ameketi juu ya keria ya baiskeli kama hiyo, miguu upande mmoja, sanduku mapajani. Niliishika usukani, nikairudisha. Haina gia. Kwa mtu wa presha, mlima mmoja na baiskeli ile ni mazishi.

Ya pili ilikuwa ya milimani, yenye springi mbele na matairi ya meno, rangi kama ya kasuku. Nikamwambia mzee springi zile ni za bei rahisi, zitamumunya nguvu zangu kila nikikanyaga pedeli. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Ya tatu niliiona mwenyewe, nyuma kabisa, imefunikwa na vumbi. Mtumba wa Ulaya. Fremu ya alumini, nyepesi unaiinua kwa mkono mmoja. Usukani umenyooka, si wa kuinama kama mwizi wala wa kukaa kama mfalme. Matairi ya kadiri, laini katikati kwa ajili ya lami, yenye meno kidogo pembeni kwa ajili ya udongo. Gia za kutosha na breki zinazoshika. Na chini, karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma, niliona matundu mawili madogo yenye nyuzi za skrubu. Niliyapapasa kwa kidole. Matundu yale maana yake aliyeitengeneza alijua kwamba siku moja mwenye baiskeli atataka kufunga kitu nyuma. Nikasema, hii.

Nje ya duka kuna wazee wanaocheza bao tangu asubuhi mpaka jua linapowafukuza. Nilipotoka na baiskeli yangu, mchezo ulisimama.

“Ngosha,” mmoja aliniita kama wanaume wa Kisukuma wanavyoitana, “umeibiwa keria dukani?”

“Haina keria,” nikasema. “Imetengenezwa hivyo.”

“Haina keria!” Alimgeukia mwenzake. “Umesikia? Sasa ukimkuta mkweo njiani na mzigo kichwani utamwambiaje?”

“Sina mkwe, mzee.”

“Kwa baiskeli hiyo hutampata.”

Wakacheka mpaka kete zikamwagika. Na yule mwingine, ambaye alikuwa hajasema kitu, akatoa hukumu: “Hiyo ni baiskeli ya mchoyo. Imetengenezwa kwa mtu anayekwenda peke yake na hataki kuombwa.”

Jina likanishika. Kwa wiki kadhaa nilipopita na baiskeli yangu asubuhi, shati nimelichomekea na kofia ngumu kichwani, nilisikia pembeni, “Mchoyo huyo anapita.” Sikujali. Niliwajua watu wangu. Mtu anayekejeliwa ameshapokelewa. Nilipokuwa napita na gari walikuwa wananiita bosi na kunyamaza.

Tumbo lilipungua. Nilianza kwa kuhema kama ng'ombe anayevuta jembe, nikifika karakana mafundi wangu wananiletea maji kabla ya salamu. Baadaye nikawa nazunguka mji kwanza ndipo niende kazini. Halafu Jumamosi moja, bila kumwambia mtu, nikapita karakana nikaendelea mbele, nikaishika barabara ya Ushirombo.

Sijui kama naweza kueleza asubuhi ile. Nilikuwa nimeipita barabara hiyo kwa gari mara nyingi na sikuwahi kujua kwamba ina harufu. Kuna mahali panapotoka harufu ya pumba za mpunga, mahali pa moshi wa kuni mbichi, mahali pa ng'ombe. Nilipoiacha lami na kuingia njia ya kijijini, salamu zilianza. Kwetu mtu mzima ukikutana naye ukiwa juu ya baiskeli unashuka. Humsalimii kutoka juu kama unamtupia mfupa. Unashuka, unashika mkono, unauliza nyumbani, unauliza mifugo, unaulizwa umetokea wapi na wewe ni wa nani. Baiskeli yangu haikuwa na mguu wa kuisimamishia, kwa hiyo niliiegemeza kwenye kiuno huku natoa mikono miwili, na kila mara ilitaka kuanguka katikati ya shikamoo. Bibi mmoja aliishika yeye usukani ndipo tukasalimiana vizuri. “Mwangaluka,” akaniambia, salamu yetu ya asubuhi.

Nilimkuta mama uani, ameketi kwenye kigoda, anaanika michembe juu ya mabati. Nilikuwa nimepanga jinsi ya kuingia. Nilitaka anione nikifika bila gari, bila vumbi la gari, nimepungua kama kijana. Nilizunguka mti wa mpapai nikafunga breki mbele yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba.” Akainuka taratibu, akiyashika magoti. Nilimngoja aseme nimekonda, au aseme nimetoka Kahama mpaka hapa kwa miguu yangu, jamani. Hakusema. Aliizunguka baiskeli. Aliugusa usukani, akazishika gia kama anayepima kitambaa, akapita nyuma, akasimama hapo muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa Kisukuma, maneno ambayo nayaandika kwa Kiswahili lakini hayana uzito ule ule:

“Na mimi nitakaa wapi?”

Niliinama nikajifanya kutazama mnyororo. Nilikuwa nimemwomba mwanamke huyu kwa gari, nikamwomba kwa kumtuma mchungaji wa ng'ombe, nikamwomba kwa kumpelekea picha za nyumba, na siku zote jibu lilikuwa lile lile. Sasa aliuliza atakaa wapi. Mtu asiyetaka safari haulizi atakaa wapi.

“Utakaa hapo nyuma,” nikamwambia. “Keria naitengeneza.”

“Itengeneze vizuri. Mimi si gunia.”

Hapo ndipo nilipoyashukuru yale matundu mawili. Wote walioitazama baiskeli ile waliona kwamba haina keria, mimi peke yangu niliona kwamba inaweza kuwa nayo. Keria za dukani za baiskeli za aina ile ni za begi na chupa ya maji, zikimbeba mama mzima zinakunjika. Nikatengeneza yangu. Nilichagua bomba la chuma, nikachora, nikakata, nikachomelea mwenyewe, nikaishusha miguu yake mpaka kwenye ekseli ili uzito usiingie kwenye alumini. Niliondoa gurudumu la nyuma nikasuka lingine lenye spoku nene. Nikaweka mguu mpana wa kusimamishia, sehemu ya mama kukanyaga, na mto wa sponji ulioshonewa kitenge kwa juu. Ili kuijaribu nilimpakia fundi wangu mkuu, mtu mzito kuliko mama mara nyingi, tukazunguka karakana huku akinishika kiuno na kuomba kwa sauti.

“Bosi, mimi nina watoto,” alisema.

“Mama naye ana mtoto,” nikamjibu. “Kaa sawa.”

Kazi iliyobaki ilikuwa ya miguu yangu, nayo ilileta jambo ambalo sikulipangia. Mkoani kwetu baiskeli za kubeba abiria huitwa daladala. Bodaboda zimezifukuza nyingi, lakini zipo, na alama yake ni keria yenye mto wa kitambaa. Asubuhi moja nilisimama karibu na soko la Nyasubi kufunga kamba ya kiatu. Baiskeli ikazama kidogo nyuma. Nikageuka. Mama mmoja mwenye kikapu cha mboga alikuwa ameshakaa, miguu upande mmoja, anajifunga khanga vizuri.

“Stendi, daladala. Twende.”

“Mama, samahani. Mimi si daladala.”

“Mbona una mto?”

“Mto ni wa mtu. Mimi naenda ofisini kwangu. Mimi nina diploma, mama.”

“Hongera, mwanangu,” akasema, akaweka kikapu mapajani. “Twende basi, jua linaniwakia.”

Nikaenda. Ningefanyaje? Nilimfikisha stendi, na njia nzima alinieleza habari za wakwe zake, na mgongoni mwangu nikasikia kitu nilichokuwa nimekisahau tangu utotoni. Mtu aliyekaa kwenye keria haoni uso wako, nawe huoni wake. Kwa hiyo anaongea. Anasema mambo ambayo mkiwa mmekaa mnatazamana angeyameza. Aliposhuka akaniambia, “Wabeja, baba,” yaani asante, na baiskeli ikarudi kuwa nyepesi ghafla, nikakosea kupanda.

Tangu hapo nilimpakia yeyote aliyeomba. Nilisema ni mazoezi. Wazee wa bao waliacha kuniita mchoyo, wakaanza kuuliza diploma yangu ni ya udereva wa daladala.

Siku ya safari tuliiweka baada ya mavuno, njia ikiwa kavu. Nilikwenda jana yake, nikalala kijijini, na kulipokucha mama alikuwa tayari mlangoni, kichwa amekifunga kitambaa cheupe, mkononi kikapu chenye michembe na kuku aliyefungwa miguu. Nikamwambia Kahama kuna kuku. Akasema hajui kuku wa Kahama wamelelewa na nani.

Alikaa. Nilisikia mto ukishuka, nikasikia anavuta pumzi, mkono wake ukanishika mkanda wa suruali. Nikakanyaga. Baiskeli iliyumba mara moja, ikanyooka, tukaondoka.

Tulipotoka kijijini alianza kuongea, polepole, kama anayejiongelesha. Akanionyesha shamba ambalo zamani lilikuwa la pamba mpaka unapoishia kuona. Akanionyesha mahali ambapo baiskeli ya baba ilipasuka tairi siku ya harusi yao, wakaingia nyumbani kwa miguu na wifi zake wakacheka. Akaniambia kwamba mwaka niliokwenda Afrika Kusini hakuwa analala upande wa ukutani, alilala upande wa mlango ili nikigonga asikie haraka. Alilisema hilo nyuma ya mgongo wangu kama anayesema habari za mvua. Ningekuwa nimekaa mbele yake asingelisema kamwe. Niliendelea kukanyaga. Sikuwa na mkono wa kujifutia macho, yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Na kila tulipokutana na mtu mzima, alinigonga mgongoni. “Simama.” Nikawa nasimama, anashuka, tunasalimia. Hapo nikagundua kitu kingine. Mama yangu, ambaye kwa miaka yote hajawahi kunisifu usoni hata kidogo, ni mjisifu kuliko mimi.

Kulikuwa na mlima mmoja kabla ya lami ambao ulinishinda. Gia niliishusha mpaka ya mwisho, moyo ukapiga masikioni. Mama akasema, “Shuka, baba, tutembee,” tukatembea, mimi naisukuma baiskeli, yeye ameshika keria kama anayesaidia. Juu ya mlima tulimkuta mzee na mkewe wamepumzika na mizigo yao ya kuni. Tukasalimiana kirefu. Mzee akaniuliza kama nimempakia mama kutoka kule chini.

“Kutoka kule!” mama akadakia. “Huyu ni mwanangu. Amenipakia tangu nyumbani, hajashuka mlima hata mmoja.”

Jasho lilikuwa linanidondoka kidevuni. Mzee alinitazama, akatazama nyayo zetu kwenye vumbi, akasema, “Ana nguvu kweli.” Hakuna diploma wala nyumba aliyoitaja mama kwa mtu yeyote siku ile. Aliitaja milima tu, na kila tulivyokwenda ilizidi kuwa mingi.

Tulifika Nyasubi jua likiwa limeelekea kushuka. Kwenye duka la baiskeli wazee wa bao walisimama wote. Yule mwenye hukumu akavua kofia akamsalimia mama kwa heshima, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, “Kumbe ulikuwa unamngoja.”

Mlangoni mama alivua viatu. Nilimwambia avae, akakataa. Aliingia kwenye marumaru peku, akapita mlango mmoja baada ya mwingine, na kila mlango alisimama akasema “Hodi,” akajijibu mwenyewe, “Karibu.” Alipofika chumba chake aliketi kitandani, miguu ikagusa chini. Alipeleka mkono nyuma bila kutazama, na kidole chake kikaangukia swichi. Taa ikawaka.

“Imekaa vizuri,” akasema. Nami nikatoka nikaenda kusimama uani kwa muda.

Siku alizokaa, nyumba ilikuwa na mtu. Asubuhi nilikuta uji. Jioni niliporudi na baiskeli alikuwa ameshawajua majirani ambao mimi nilikuwa nawapungia mkono tu. Lakini nilimwona pia akisimama dirishani upande wa mashariki, akitazama mabati ya jirani, na nilijua anatafuta nini. Nilimwambia abaki. Nilimwambia nitamleta mtu wa kumsaidia, nitamchimbia bustani, kuku wake wote nitawaleta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Baba, nyumba yako ni nzuri. Lakini michembe yangu nani ataianua mvua ikija?”

“Mama, michembe inanunuliwa.”

“Na mimi nikikaa hapa, wewe utakuwa unakuja kwa nani?”

Akaongeza, “Sasa naijua njia. Ukija kunichukua, nitakuja.”

Nilimrudisha kwa njia ile ile. Alisalimiana na watu wale wale, na milima niliyokuwa nimepanda kwenda Kahama akaisimulia upya. Niliporudi peke yangu jioni, keria ilianza kupiga kelele. Ikiwa na mtu, haitoi sauti. Ikiwa tupu, kila kokoto inaigongesha, ka-ka-ka, kutoka kijijini mpaka mlangoni kwangu.

Sasa ni masika. Kati ya lami na kwa mama kuna udongo mweusi wa mbuga, ambao mvua ikiunyeshea hushika gurudumu kama gundi. Baiskeli haipiti, hata ya kwangu. Mama hupiga simu kwa sauti yake ile ya ng'ambo ya mto. Anasema mvua, anasema mahindi, halafu siku hizi ameongeza jambo moja kabla ya kukata.

“Baiskeli haijambo?”

“Haijambo, mama.”

“Umeitunza?”

“Nimeitunza. Njia imekauka?”

“Bado.”

Mimi ni fundi, na najua dawa ya keria inayogonga. Ni kukaza nati mbili, kazi ya dakika moja, na spana iko mfukoni. Mafundi wangu wananishangaa. Kila asubuhi ninatoka Nyasubi nikigonga ka-ka-ka mpaka karakana, na watu wakisikia hugeuka na kuangalia nyuma yangu, waone ni nani nimempakia.